Kocha Mafuriko na Pasi ya Nyuma

Msomaji asijisumbue kuitafuta Jamhuri ya Tangulia kwenye ramani. Iko mbali sana, na mambo yanayotendeka huko hayafanani hata kidogo na ya kwetu. Yangefanana, mimi nisingethubutu kuyasimulia.

Ni nchi iliyoamua kwenda mbele. Kiongozi wake huitwa Mtukufu Mtangulizi. Raia wakikutana, mmoja husema "Mbele!" na mwenzake huitikia "Zaidi!" Magari ya serikali yameng'olewa gia ya rivasi, kwa hiyo waziri akipitiliza ofisi yake inambidi aizunguke wilaya nzima ndipo aifikie tena. Mlango wa uani huko huitwa mlango wa mbele wa pili. Hata mtu akifa hawasemi ametutangulia, maana kutangulia ni cheo cha mtu mmoja tu. Husema amehama.

Kocha wa timu ya taifa ya nchi hiyo alikuwa Hamdani Luchemo, mtu mpole, mwenye mashaka mengi, ambaye hata kuvuka barabara tupu humchukua muda. Nchi nzima ilimwita Mafuriko.

Jina hilo alilipata hivi. Zamani alikuwa akifundisha timu ndogo ya Chumvini, nao wakasafiri kwa magari mawili kwenda kucheza na mabingwa. Gari lililobeba mabeki likaharibika njiani. Hamdani akaingia uwanjani na kipa na washambuliaji watupu, na mchezo wote alisimama pembeni ameinua mikono, akilia, "Nyuma! Nyuma, jamani, tunakwisha!" Kelele za mashabiki zikammeza. Wale vijana, kwa kuwa hawakujua kukaba, wakawa wanakimbilia goli la wenzao tu, na mpira ukaisha wameshinda nane kwa saba. Asubuhi yake gazeti likatoa picha ya Hamdani, mikono juu, mdomo wazi, na chini yake maneno haya: "MBELE! Kocha aliyefungulia mafuriko."

Mtukufu Mtangulizi aliiona picha hiyo akinywa chai. "Huyu ndiye," akasema. Chai haijapoa, Hamdani alikwisha kuwa kocha wa taifa, na haikupita muda picha ile ikachapwa kwenye stempu. Hamdani alijaribu kumweleza mwandishi mmoja ukweli wa siku ile. Mwandishi akaandika kwamba kocha huyu, pamoja na ukali wake wote, ni mnyenyekevu. Hakujaribu tena.

Kwa kweli Hamdani aliupenda ulinzi kama wengine wanavyopenda usingizi. Timu yake ilikaa golini kwake, ikavizia, ikapata bao moja, ikafunga milango. Moja bila. Sare. Moja bila. Redio ya taifa ilizitangaza mechi hizo kama gharika, na waliokuwa nyumbani wakashangilia kuliko waliokuwa uwanjani. Lakini waliokuwa uwanjani nao wana midomo. Swali likaanza kwa vinyozi, likaingia masokoni, na mwishowe mbunge mmoja akaliuliza kwa kunong'ona: "Hayo mafuriko yenyewe yako wapi?"

Serikali haikukasirika. Iliunda tume.

*

Mechi iliyoharibu mambo ilichezwa Waziri akiwapo. Huyu ni Mheshimiwa Tandika, Waziri wa Michezo na Mwelekeo, mtu mwenye tabasamu ambalo walinzi wake walijifunza kuliogopa. Tangulia ilikuwa inaongoza moja bila, dakika zinayoyoma, na beki wa kushoto, Kitwana Ndulu, akabanwa kwenye kona na wapinzani wawili. Akainua macho kuelekea benchi. Hamdani, bila kusimama, akaelekeza kidole chini na kukivuta upande wa goli lao. Ilikuwa ishara yao ya mazoezini, waliyoizoea wiki nzima: ukibanwa, mrudishie kipa.

Kitwana akamrudishia kipa. Kipa akaubutua mpira mbali, kipyenga kikalia, wakashinda.

Wachezaji walikuwa bado wanavua soksi pale watu wawili waliovaa suti safi walipoingia chumbani.

"Nani ameurudisha mpira nyuma?" mmoja akauliza.

Soksi zote zikasimama mikononi.

"Mimi, wakuu," Kitwana akasema. "Nilibanwa."

"Umelirudisha taifa nyuma mbele ya Waziri. Twende ukaelekezwe."

Kitwana akamtazama kocha wake. Hakumtazama kwa hofu. Alimtazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalize sentensi. Na yule mtu wa suti naye akamgeukia Hamdani, kwa heshima kubwa, akamshika mkono.

"Pole sana, Mwalimu. Tunajua inavyouma. Mtu wa mashambulizi kama wewe, kuasiwa na kijana wako mwenyewe!"

Hamdani akafungua mdomo. Maneno yote yalikuwa pale, yamejipanga: nilimwambia mimi. Kilichotoka ni hiki:

"Hajaoga."

"Ataoga huko," mtu wa suti akasema, wakaondoka naye, mguu mmoja una kiatu na mmoja hauna.

*

Siku ya pili, mke wa Kitwana alikuja nyumbani kwa kocha. Aliitwa Riziki, naye alikuwa na mimba kubwa. Alimkuta Hamdani amekaa uani na mkewe, Sikudhani, aliyekuwa akichambua mchicha.

"Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa," Sikudhani akasema.

Riziki hakukaa. "Mwalimu, nimekuja kumwombea radhi mume wangu. Najua amekuudhi. Hakufanya kwa ukaidi, amekosea tu. Wewe wanakuheshimu. Ukiwaambia umemsamehe, watamwachia. Neno lako moja tu, Mwalimu."

"Nitaona," Hamdani akasema, macho yake yakiwa kwenye sinia la mchicha.

Riziki akashukuru mara nyingi, akaenda. Sikudhani akaendelea kuchambua, jani moja, jingine, kisha akasukuma sinia pembeni.

"Hamdani. Yule kijana amekosea nini?"

"Hajakosea."

"Nani alimwambia arudishe?"

"Mimi."

"Basi mbona mkewe anakuomba radhi wewe?"

"Nikisema," akaanza, "watanichukua mimi."

"Na hukusema, wakamchukua yeye." Sauti yake haikupanda. "Sikiliza, mume wangu. Mimi niliolewa na mtu anayeogopa giza, anayeogopa mbwa, anayeogopa hata mvua ikichelewa. Nilimjua na nikampenda hivyohivyo. Lakini yule wa kwenye stempu simjui. Usiniletee hapa nyumbani."

Hamdani alikaa pale mpaka mchicha ukaiva, ukaliwa, na vyombo vikaoshwa. Kisha akaenda kuomba kusikilizwa na Tume.

*

Tume ya Kitaifa ya Kubaini Mwelekeo wa Mpira ilikalia ukumbi wenye mapazia mazito. Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Jaji Mstaafu Profesa Daktari Mhandisi Mwinyipembe, aliyeteuliwa kwa sababu hajawahi kuona mechi hata moja, na kwa hiyo hawezi kuwa na upendeleo. Waziri Tandika alikaa pembeni, akitabasamu.

"Tume hii," Mwenyekiti akasema, "imetumwa kujibu swali moja zito: je, staili ya ushambuliaji ya Kocha inalingana na sifa zake? Tumepima uwanja kwa kamba. Tumepima unyevunyevu wa nyasi. Tumewahoji wataalamu wa mafuriko kutoka Idara ya Maji. Sasa tunamsikiliza Kocha mwenyewe. Mbele!"

"Zaidi," Hamdani akaitikia. "Waheshimiwa, Kitwana Ndulu hana kosa. Mimi ndiye niliyemwagiza aurudishe mpira. Na si yeye tu, nawafundisha wote hivyo. Mimi si kocha wa kushambulia. Sijawahi kuwa. Hata siku ile ya picha sikuwa nasema mbele. Nilikuwa nasema nyuma."

Mwenyekiti akacheka. Wajumbe wakacheka kwa kufuata vyeo vyao. Mmoja akapiga makofi, akasema huu ndio unyenyekevu uliosifiwa magazetini. Kisha kicheko kikaanza kupungua, kikakatika kabisa. Walikuwa wamefika mahali pamoja kimawazo. Kama Kocha alisema nyuma, basi stempu ni ya uongo. Na aliyeitazama picha akasema "huyu ndiye" ni nani?

Mjumbe aliyepiga makofi akaitazama mikono yake kana kwamba si yake.

"Mapumziko mafupi," Waziri akasema.

Akamchukua Hamdani kwenye ujia, akamsogeza ukutani kama rafiki anayetaka kumnong'oneza umbeya.

"Mwalimu, unajua nani aliandika yale maneno chini ya picha? Mimi. Nilikuwa mhariri wa gazeti lile. Nilisimama karibu na wewe kuliko mtu yeyote, nikakusikia vizuri kabisa. Na kwa neno lile moja nimekuwa waziri. Unadhani nitakuacha ulibadilishe?"

"Nataka kijana wangu arudi."

"Hilo neno hatulitumii." Waziri akamnyoosha ukosi wa shati. "Kuna mechi ya mwisho na nchi ya Ng'ambo. Mtukufu atakuja mwenyewe. Ukishambulia, kijana wako atafika nyumbani. Mpira ukirudi nyuma hata mara moja, aliyeupiga ataungana naye. Na mkifungwa, mtaungana nao wote, maana kufungwa ni kurudi nyuma kwa jumla."

"Mheshimiwa, Ng'ambo wana mbio. Tukipanda wote watatumaliza. Tunahitaji sare tu tuingie mashindano makubwa."

"Sare," Waziri akasema, akitabasamu, "ni kusimama palepale. Fikiri vizuri."

*

Siku ya mechi jukwaa kuu lilifunikwa mazulia. Kuzunguka uwanja walisimama maofisa wenye vibendera vyekundu. Kazi yao ilikuwa kumwinulia Waziri kibendera kila mchezaji atakapopeleka mpira nyuma. Nahodha wa Tangulia, beki mrefu aliyeitwa Jengo, aliwahesabu kupitia dirisha la chumba cha kubadilishia nguo, kisha akaacha kuhesabu.

"Mwalimu," akasema, "tukishambulia tunafungwa. Tukijilinda tunachukuliwa. Tuambie tu tufe kwa lipi."

Hamdani alikuwa hajalala wala kula. Lakini uamuzi alikuwa ameufikia, na ulimshangaza kwa jinsi ulivyokuwa mdogo.

"Tutajilinda," akasema. "Lakini hakuna atakayerudisha mpira kabla hajanisikia. Nitamtaja mtu kwa jina, kwa sauti, uwanja mzima usikie, na nitasema rudisha. Akiulizwa, atajibu ameamriwa. Wakitaka mtu, nipo pale nimesimama."

Jengo akavaa kitambaa cha unahodha, akakifunga, akakifungua, akakifunga tena.

Mpira ukaanza. Ng'ambo walikuja kama walivyosemwa, kwa mbio na kwa wingi. Haikuchukua muda Jengo akajikuta na mpira, watu watatu wakimjia. Hamdani akasogea mpaka kwenye mstari. Akainua mikono.

"Jengo! Rudisha!"

Uwanja ukanyamaza. Mpira ukarudi kwa kipa. Kibendera chekundu kikainuka, kikageuka kidogo, kikamwelekea Hamdani. Kule juu, Waziri aliacha kutabasamu.

"Msafiri, rudisha! Ngonyo, rudisha! Jengo, rudi, mwache aende pembeni, rudi!"

Vibendera viliinuka mpaka mikono ya maofisa ikachoka, na vyote vilimwonyesha mtu mmoja. Kila alipotaja jina, Hamdani alihisi mlango fulani unafungwa mgongoni kwake, na bado akataja lingine. Mapumziko yalipofika, walikuwa hawajafungwa. Mtu wa suti akaja kwenye benchi.

"Waziri anauliza una maana gani."

"Mwambie nina maana ya nilichosema."

"Anasema ukitoka hapa hutakwenda nyumbani."

"Sawa," Hamdani akasema. Alitaka kuongeza neno la kishujaa, lakini hakuwa nalo. Akaomba maji.

Kipindi cha pili kilikuwa kibaya zaidi. Ng'ambo waligonga mwamba. Ng'ambo walipiga kona juu ya kona. Na Hamdani, ambaye hajawahi kupiga kelele kiasi hicho maishani, akaanza kuishiwa sauti. Ilikwaruza, ikapasuka, ikawa upepo. Zilipobaki dakika chache, Jengo akanaswa na mpira karibu kabisa na goli lake, mshambuliaji wa Ng'ambo mbele yake, kipa akiwa peke yake nyuma. Akatazama benchi. Alimwona kocha ameinua mikono na mdomo uko wazi. Hakusikia kitu.

Jengo akasimama na mpira mguuni. Hakuthubutu.

Hapo ndipo sauti ya mtu mmoja ilipotoka kwenye jukwaa la jua, kule wanakokaa wasio na mwavuli.

"Rudisha, wewe!"

Mwingine akaidaka. "Rudini! Rudini nyuma!" Watu wa jukwaa la jua walikuwa wanaijua hesabu ya sare kama Hamdani. Walikuwa wamekwenda mbele miaka mingi na wamechoka. Neno likazunguka uwanja, likapanda, likawa moja: "Ru-di-ni! Ru-di-ni!" Jengo akaurudisha mpira, kipa akaubutua mbali, na maofisa wakabaki na vibendera vyao wasijue wamwelekezee nani kati ya maelfu yale.

Jukwaa kuu likaganda. Neno lile lilikuwa halijasemwa na umati tangu gia zing'olewe. Mtukufu Mtangulizi, mzee ambaye masikio yake yalikuwa yamedhoofika kidogo, akainama kwa Waziri.

"Wanasema nini wananchi wangu?"

Mheshimiwa Tandika akalowa jasho shingoni. Uwanja mzima ulikuwa unatamka uhaini, naye ndiye mwenye dhamana ya uwanja. Akatafuta neno. Alikuwa hodari wa maneno ya chini ya picha.

"Wanawafukuza Ng'ambo, Mtukufu. Wanawaambia warudi kwao."

Uso wa Mtukufu ukachanua. "Hao ndio wananchi!" Akainuka kwa kushikilia kiti, na kwa kuwa Mtukufu ameinuka, mawaziri wote wakainuka. Akaivuta maikrofoni iliyokuwa ya hotuba. "Rudini!" sauti yake ikavuma uwanja mzima. "Nawaamuru, rudini!"

Nchi nzima ikasikia, maana redio ilikuwa hewani. Wachezaji wa Tangulia wakamsikia kiongozi wao, wakatii, wakarudi wote golini mpaka kipa akakosa pa kusimama. Ng'ambo wakapiga, mpira ukamgonga mmoja gotini. Wakapiga, ukamgonga mwingine kifuani. Kipyenga kikalia. Bila kufungana.

Mtukufu akashuka kuwapa mikono. Waziri alimfuata nyuma, kucha zikiwa zimezama kwenye viganja. Walipofika kwa Hamdani, kocha hakuuachia mkono wa Mtukufu. Sauti aliyobaki nayo ilikuwa ya kunong'ona, ikambidi amsogelee sikioni, na walinzi wakasogea pia.

"Mtukufu, umeamuru warudi. Wamerudi wote, isipokuwa mmoja. Kitwana Ndulu."

"Anakaidi?"

"Hakaidi. Amezuiwa."

Mtukufu akageuka. "Tandika, nani anazuia amri yangu?"

Hamdani na Waziri wakatazamana. Kama mmoja angetaja kilichosemwa ujiani, wangeanguka wote wawili, na kila mmoja alijua mwenzake anajua.

"Hakuna, Mtukufu," Waziri akasema. "Yuko njiani."

*

Kitwana aliletwa nyumbani kesho yake. Jioni ya siku hiyo, jua likiwa bado lipo, Hamdani alikwenda kumwona. Alimkuta amekaa barazani, amekonda, mguu mmoja umevimba. Ndani, redio ilikuwa ikisoma taarifa ya Tume: baada ya uchunguzi wa kina, imebainika kwamba staili ya Kocha inalingana na sifa zake kikamilifu, na sare ya jana ni shambulizi ambalo adui bado hajalitambua. Mheshimiwa Tandika alinukuliwa akiipongeza Tume.

"Kitwana," Hamdani akasema. Sauti yake ilikuwa haijarudi vizuri.

Kitwana hakuinuka. "Ulisema sijaoga."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nasubiri uongeze neno."

"Najua."

"Mpaka kwenye gari nilikuwa nasubiri. Nilijua unakuja. Nilimwambia yule mtu, ngoja kidogo, Mwalimu anakuja kueleza."

Hamdani akasimama kwenye vumbi la uani na kofia mkononi. Alikuwa amejitayarisha kueleza habari za Tume, na za ujiani, na za sauti iliyokatika. Sasa zote alizisikia kuwa ni habari za kujisifu.

"Niliongeza baadaye," akasema.

"Baadaye," Kitwana akasema.

Riziki akatoka ndani, akawaona, akazima redio. Akasimama mlangoni, mkono kiunoni, akisubiri mumewe aseme kama mgeni aletewe chai au asiletewe. Kitwana akautazama mguu wake. Kisha, bila kusema karibu, akasogea upande mmoja wa benchi.

Hamdani akakaa.